Usivumilie maumivu baada ya upasuaji wa pua

Maumivu baada ya upasuaji wa pua si ya kuvumilia kimyakimya. Ukiwa bado usingizini, daktari anaweza kukuchoma ganzi, kwa mfano bupivakeini, karibu na mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu ya pua kwenye ubongo. Ganzi hiyo hudumu saa kadhaa, na inaweza kupunguza haja ya morfini, dawa inayoweza kuleta kichefuchefu na kutapika. Ikiisha, endelea na parasetamoli kama ulivyoelekezwa. Usimeze aspirini bila ruhusa, inaweza kuongeza kutokwa damu.

Kabla ya upasuaji, muulize daktari kama ganzi hii inakufaa. Mweleze mzio ulionao na dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Kuuliza si ukaidi, ni haki yako.