Manamba wa Kompyuta

Mwaka jana mjukuu wangu alinijia na habari njema. "Shikamoo babu. Nimepata kazi Nairobi, kampuni kubwa ya Marekani." Mama yake alikwisha kukamata jogoo, na majirani walikuwa wamejaa uani kutoa pongezi. Nami, mwalimu mkuu mstaafu, nilikwisha kutoa fedha ya nauli kabla sijakumbuka kuuliza: mkataba wako ameutia saini nani? Kijana akanionyesha karatasi. Jina la ile kampuni kubwa halikuwamo. Lilikuwamo jina la wakala.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni kwetu watu wa Singida. Zamani za ukoloni wazee wetu walikwenda kukata mkonge mbali na kwao, na aliyewaandikisha mara nyingi hakuwa mwenye shamba bali wakala. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila mtu alipewa namba, ndipo tukapata neno manamba.

Sasa tazama yaliyotokea Nairobi. Kuanzia mwaka 2019 kampuni iitwayo Sama iliajiri vijana wa nchi mbalimbali za Afrika kuchuja yale yanayotumwa Facebook. Faida za kazi hiyo sizikatai: mshahara wa kila mwezi, meza na kiti, na fedha ya kutuma nyumbani. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kutazama watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa na watu wakijiua, ili wewe na mimi tusiyaone. Februari 2022 jarida la TIME la Marekani liliandika kwamba baadhi yao walilipwa kiasi cha dola moja na nusu tu kwa saa. Mei mwaka huo Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyefukuzwa baada ya kuwaongoza wenzake kudai haki, aliishtaki Sama pamoja na Meta, mwenye Facebook.

Meta ilijibu nini? Kwamba yeye si mwajiri, na kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Januari 2023 Sama ikatangaza kuiacha kazi hiyo, na vijana zaidi ya 180 wakaenda mahakamani kupinga kuachishwa kwao. Ni Septemba 2024 ndipo Mahakama ya Rufani ya Kenya ilipoamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Desemba mwaka huo ikajulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na daktari wakakutwa na ugonjwa wa akili utokanao na kiwewe. Zaidi ya miaka miwili ilikwisha katika kubishania kama mwenye mali anaweza hata kuitwa barazani!

Wako watakaonijibu: Mzee, kazi ni kazi, vijana wanakaa vijiweni, na makampuni haya yakibanwa yatahama. Nasema hoja hiyo ni ya wakala, si ya mzazi. Mwenye kuvuna alizeti hawezi kusema hamjui aliyelima shamba lake. Anayejua kuhesabu faida yake mpaka senti ya mwisho anajua pia ni nani aliyemtumikia. Na sisi wazazi tuna hatia yetu: tunashangilia ukubwa wa jina, hatuulizi nani atamtibu mtoto akiumia.

Mjukuu wangu alikasirika. "Babu, ukinizuia, utanilisha wewe?" Sikuwa na jibu, maana pensheni yangu hainitoshi hata mimi. Alikwenda. Nakala ya mkataba wake iko sandukuni mwangu, na juu yake nimeandika kwa mkono wangu majina mawili: la aliyemwandikisha na la anayenufaika.

Natamani serikali zetu zote za Afrika ya Mashariki ziweke sheria ya kuyaandika majina hayo mawili katika karatasi moja, na wote wawili watie saini. Mpaka hapo, mzazi mwenzangu, kabla hujachinja jogoo, omba kwanza kuiona karatasi.