Mfalme aliyegeuka farasi

Juma hili tuangalie picha moja ya Ufaransa. Iko Paris, katika jumba la Petit Palais. Ingres aliichora mwaka 1817, na si kubwa: mtu anaweza kuibeba kwapani.

Mfalme Henri wa Nne yuko chini, amepiga magoti na mikono kama farasi. Mtoto amepanda mgongoni pake. Malkia Marie de Médicis amekaa kitini. Halafu anaingia balozi wa Hispania, amevaa nguo za heshima. Wanasimulia kwamba mfalme hakuruka kusimama. Alimuuliza balozi kama naye ana watoto. Aliposikia kwamba anao, akaendelea kuzunguka chumba.

Ni wapapa wangapi kwetu wangefanya hivyo? Mgeni akipiga hodi tu, papa ameshasimama, anapangusa magoti, mtoto amerudishwa kwa mama.

Lakini tusidanganywe na rangi nzuri. Picha hii ilichorwa miaka zaidi ya 200 kisha mfalme kufa. Wakati ule wajukuu wa ukoo wake walikuwa wametoka kurudishwa kwenye kiti cha ufalme, na aliyeiagiza alikuwa balozi wao kule Roma. Waliona faida watu wakimkumbuka babu yao kama baba mwema.

Na kweli Henri alipenda watoto. Aliwalea pamoja kule Saint-Germain, wa malkia na wale aliozaa na wanawake wengine. (Moyo wa Marie ulisemaje, hakuna aliyeuchora.) Ila mwaka 1607 papa huyohuyo alimwandikia Madame de Montglat, mlezi wa mtoto wake mkubwa Louis, akimwagiza amchape kila mara anapokuwa mkaidi. Alisema yeye mwenyewe alichapwa sana utotoni, na ikamfaa. Louis alikuwa na miaka 6.

Maneno hayo tunayasikia hata leo: mimi nilipigwa, na niko mzima.

Maisha ya Louis tunayajua kwa sababu daktari wake, Héroard, aliandika karibu kila siku: alichokula, alivyocheza, alivyochapwa. Tarehe 14 Mei 1610, Henri aliuawa kwa kisu katika njia ya Paris. Louis akawa mfalme, na miaka yake 8.