MPIRA ULE UTOLEWE KWENYE MASHINE!

Ndugu wanaushirika,

Tumeiona wenyewe. Mashine yetu ya kukata majani imefungwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ule mkono wa chuma unaobanwa pamoja na usukani, ambao ukiuachia injini inazima, sasa haubanwi na mtu, unabanwa na mpira. Tulipouliza tukajibiwa: "Vidole vinachoka."

Vidole vinachoka! Basi ndio vikatwe?

Mkono ule si urembo. Marekani, tangu 1982, kanuni ya serikali inataka ukiachiwa tu kisu kisimame ndani ya sekunde 3. Wenzetu wamelazimishana. Sisi huku Nyambureti, mtu akikatika mguu ni kumpakia pikipiki mpaka Mugumu huku damu inamwagika, halafu ndio tunajifanya mabingwa.

Tena yuko anayeingia kazini na kandambili, asubuhi majani yana umande, anaivuta mashine kinyumenyume kwenye mteremko. Akiteleza, mguu uko chini ya kisu, na mpira umeshikilia, injini inanguruma tu. Na watoto wamejipanga kutazama, kama vile kokoto haziruki!

Majani yakiziba, mwingine anaingiza mkono. Azime, achomoe waya wa plagi, atumie kijiti.

Wako watakaosema tunachelewesha kazi. Mafyekeo yapo stoo, anayechoka vidole akachukue. Mashine isipelekwe shuleni Jumamosi na mpira ule.