Kinga ya Mnyama ni Msitu Wake

Wapo wanaodai kwamba mnyama aliyebanwa kwao akihamishwa atasalimika. Dai hilo ni la hatari. Mwaka 2019, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa CITES zilibana vikali biashara ya kupeleka ndovu wa mwituni kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Funzo lipo hata hapa Visiwani: mwaka 1974 kima punju wa Unguja walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, na hawakustawi.

Kima wa Kiwengwa hahitaji kizimba. Ahitaji msitu wa Kiwengwa-Pongwe usikatwe kwa kuni, chokaa wala hoteli. Mwalimu na alifundishe hilo. Mtumishi wa umma na alikumbuke kabla ya kutia saini kibali. Msitu ukishateketea, hakuna lori litakalourudisha.