Vigeu vya Msaka Makosa Visipotee

Katika karakana za magari za Pasua, mjini Moshi, fundi afunguaye injini huweka alama kabla ya kuchomoa chochote: chaki juu ya gia, mkwaruzo wa tindo kwenye kifuniko. Alama hizo si sehemu ya injini. Ni kumbukumbu ya yale fundi aliyoyapima na aliyoyadhania. Mwanagenzi akizifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, injini haidhuriki hata kidogo, bali kazi ya asubuhi nzima imepotea.

Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi anayesaka kosa katika programu ya kompyuta. Hutumia programu ya pili, imwezeshayo kuisimamisha ile ya kwanza katikati ya mwendo na kuchungulia thamani zilizomo. Mojawapo ni GDB, iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986, nayo hupatikana bila malipo. Humo mwanafunzi aweza kujitungia vigeu vyake, yaani majina ya kuwekea thamani, yakitanguliwa na alama ya dola: $jumla, $zamu, na kadhalika. Kwa $zamu, huhesabu kitanzi kimezunguka mara ngapi kabla jawabu halijaharibika. Programu inayochunguzwa haina habari navyo. Hata ikianzishwa upya, vyenyewe hubaki.

Matoleo ya zamani yalikuwa na udhaifu. Jedwali la majina ya programu lilipoondolewa ili jingine lisomwe, vigeu vilitupwa pamoja nalo. Sababu yafaa kueleweka. Kila kigeu hubeba thamani pamoja na maelezo ya aina yake, kama ni namba au herufi, na maelezo hayo yalikaa ndani ya jedwali lile. Jedwali likiondoka, kigeu huelekeza mahali patupu. Baadaye watengenezaji walianza kunakili maelezo ya aina kabla ya jedwali kutupwa, vigeu vikanusurika.

Hata hivyo, mtumiaji akiifunga GDB, au umeme ukikatika, vyote hutoweka. Ajabu ni kwamba ina amri ya kuhifadhi katika faili vituo vya kusimamishia programu, na yaweza kutunza orodha ya amri zilizoandikwa. Thamani za vigeu hazikuwekewa amri kama hiyo. Kwa mhandisi mwenye mashine yake, hasara ni ndogo. Kwa wanafunzi wanaopokezana kompyuta moja, huku kengele ya kipindi haimngoji mtu, hasara ni ya uchunguzi mzima.

Wako wasemao kwamba kuhifadhi ni hatari, kwa kuwa kigeu chaweza kushika anwani ya mahali katika kumbukumbu ya mashine, na programu ikisha kutungwa upya anwani hiyo haina maana tena. Hoja hii ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Anwani na zikataliwe. Namba na maneno yahifadhiwe, mradi yaandikiwe tarehe na data iliyotumika, maana $zamu ya data ya jana si lazima iwe ya leo.

Wakati amri hiyo haijapatikana, faili la kawaida la maandishi latosha: mwanafunzi huandika humo vigeu vyake na thamani zake, na GDB huamriwa kulisoma inapoanza. Mwalimu asahihishaye kazi ya programu hana budi kulidai faili hilo pamoja na programu yenyewe, na kulitolea alama.