MKONO HAUNGOJI BARUA

Ndugu Wafanya Kazi,

Iko ajali moja ambayo matajiri huidharau, kwa sababu haitoi damu. Mtu wa chumvi Gongoni ameanguka kwa pikipiki akienda kazini, au kibarua wa Watamu ametoka juu ya mnazi, au mkanda wa mashine ya mkonge umemshika mtu mkono ukauvuta. Mfupa haukuvunjika. Anapewa dawa ya maumivu na kitambaa cha kuning'iniza mkono, anaambiwa, "Pumzika, utapona." Mwezi wa tatu mkono ungali unaning'inia kama kamba. Mwezi wa sita nafasi yake ina mtu mwingine.

Mkono huendeshwa na mishipa ya fahamu mitano itokayo shingoni na kupita chini ya mtulinga. Bega likisukumwa chini na shingo ikaenda upande wa pili, mishipa hiyo huvutika. Uliovutika kidogo hupona wenyewe. Uliong'oka kwenye uti wa mgongo haurudi, hata ungojewe miaka kumi.

Lakini dawa iko. Mwaka 1994 daktari Mfaransa, Christophe Oberlin, na wenzake walitangaza njia yao: kuchukua nyuzi chache za mshipa mzima uendao kiganjani na kuziunganisha na mshipa wa msuli unaokunja kiwiko. Thailand, nchi ya pikipiki kama yetu, madaktari walitangaza mwaka 2003 njia kama hiyo ya kuinua bega. Hatusemi mkono utarudi kama ulivyozaliwa. Lakini mkono uwezao kupeleka kikombe mdomoni si sawa na mkono uliokufa.

Sasa sikilizeni hesabu. Mshipa uliounganishwa huota kama milimita 1 kwa siku. Na msuli uliokosa mshipa hukauka: ukipita mwaka mmoja, au mwaka na nusu, haufufuki. Ndiyo maana madaktari hutaka kupasua kabla ya miezi 6.

Na sheria? Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi apeleke habari ya ajali serikalini ndani ya siku 7, na alipe gharama za matibabu na upasuaji. Mfanya kazi naye ana miezi 12 ya kudai fidia. Tajiri anaijua hesabu hiyo. Leo karani hayupo, kesho faili limepotea, keshokutwa watu wa bima hawajajibu. Miezi 12 ikitimia, haki imekwisha na msuli umekufa pamoja.

Watasema ufundi huo ni wa Ulaya. Si kweli! Januari 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliurudishia kijana kiganja kilichokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Wanaojua kushona mishipa midogo wako Kenya. Kinachokosekana ni kumfikisha mgonjwa kwao mapema.

Watasema haraka haraka haina baraka. Twawajibu: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo twadai:

1. Ajali yoyote iliyozuia bega, kiwiko au vidole kwenda iandikwe siku ile ile, na mjumbe wa chama apewe nakala.

2. Mgonjwa apimwe na daktari ajuaye mishipa ndani ya mwezi 1. Mwezi wa tatu ukifika na msuli haujatikisika, apelekwe kwa mpasuaji, nauli na gharama juu ya mwenye kazi.

3. Hospitali za Malindi na Kilifi zisimfunge mgonjwa huyu kwa dawa ya maumivu. Zimwandikie barua ya kwenda mbele.

4. Ndugu zetu wa bodaboda, ambao wengi hawana tajiri wa kudaiwa, wapate upasuaji huu kwa bima ya afya ya serikali, ile ile tunayokatwa mishahara.

Ndugu, sisi hatuna shamba la mkonge wala hoteli. Mtaji wetu ni mikono miwili. Mwenzako akiangushwa, usimwambie pole ukaenda zako. Mwulize: unaweza kukunja kiwiko? Akisema hapana, mlete ofisi ya chama siku hiyo hiyo.

UMOJA NI NGUVU.