Mwanga wa Mmoja Usiwe Giza la Wengine

Miongoni mwa mambo yanayostahili kutazamwa kwa makini katika barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo ni tabia ya baadhi ya wenye magari madogo kufunga taa za ziada pasipo kufuata utaratibu wa kiufundi. Taa yenyewe si kosa. Mtumishi achelewaye kutoka kazini mjini, au mwalimu arudiye nyumbani Kerege au Zinga usiku wa masika, ana haki ya kuiona njia. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Aonaye mbali ndiye apataye nafasi ya kusimama.

Lakini barabara si mali ya wenye magari peke yao. Yumo mchuuzi wa samaki juu ya baiskeli, yumo kijana wa bodaboda na abiria wake, yumo mtoto aliyetumwa dukani ng'ambo ya pili. Dereva anayemulikwa usoni na taa kali hupofuka kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo hawaoni wote hao walio pembeni. Hivyo usalama anaojinunulia mmoja hulipiwa na wengine.

Kiini cha tatizo kimo katika waya. Taa 2 za wati 55 kila moja, kwa betri ya volti 12, huvuta umeme wa ampea zipatazo 9. Waya mwembamba na swichi ndogo ya dashibodi havikutengenezwa kwa mzigo huo. Waya ukiungwa ovyo juu ya waya mwingine, hupata joto, ganda lake huyeyuka, na gari huweza kuungua.

Utaratibu ulio sahihi unajulikana. Waya mnene utoke moja kwa moja katika betri, upitie fyuzi iliyo karibu na betri hiyo, kisha uingie katika rilei. Rilei nayo iamshwe na umeme wa taa kubwa za gari, ili dereva anapopunguza taa zake, zile za ziada zizimike papo hapo. Huo ndio uungwana wa kazi hii. Taa yenye swichi yake pekee humtegemea dereva akumbuke kuizima, na dereva aliyechoka husahau. Hata taa za LED, ambazo huvuta umeme mdogo zaidi, hazisameheki katika jambo hili, kwani ukali wake machoni haupungui kwa sababu betri haikulemewa.

Pwani ina adui mwingine, nayo ni chumvi. Hewa ya bahari hula shaba na chuma. Kiungo kilichoachwa wazi huota kutu ya kijani, na waya uliokazwa kwenye bodi juu ya rangi huifanya taa iwake kwa kufifia. Fundi hodari hukwangua chuma hadi king'ae, hukaza, kisha hupaka grisi.

Si haki kuwatupia lawama mafundi peke yao. Mwenye gari anayedai kazi ya haraka na ya bei ya chini ndiye anayeagiza hatari. Mafundi wa vichochoroni wapewe nafasi ya mafunzo mafupi katika vyuo vya VETA. Mwalimu wa fizikia naye anao mfano mzuri wa kuwafundisha wanafunzi kugawa wati kwa volti.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa ili ipambe makabati ya ofisi. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, mkaguzi asiridhike kuona kwamba taa inawaka. Ahakikishe pia kwamba inazimika inapopaswa. Na mtumishi wa umma, ambaye wananchi humtazama kama mfano, awe wa kwanza kulipeleka gari lake likaguliwe.